Nyumba ya Kuvundikia Ndizi

Ngo, ngo, ngo. Kimya. Kisha ngo moja tu, chini kabisa, karibu na msingi.

Nilikuwa nyuma ya nyumba yangu, mikono imezama kwenye udongo hadi viwikoni, na sikuona mtu yeyote. Nilisikia tu vidole vilivyokunjwa vikigonga ukuta wa mbele, vikisogea taratibu kutoka pembe hadi pembe, kama mtu anayegonga fenesi sokoni kujua kama limeiva. Halafu sauti ya mwanamke, kwa Kishambaa cha kwetu milimani kule Bungu, ikasema:

"Wewe ukuta, mwambie fundi wako kwamba nimefika."

Alikuwa mama mkwe wangu. Nikachuchumaa palepale topeni kama chura. Kwetu sisi mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawaketi pamoja, wala mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Akiwa na neno la kukwambia, hulipitisha kwa mtu mwingine. Siku ile hapakuwa na mtu, akalipitisha kwa ukuta.

"Ukuta, mwambie pia kwamba umejaa vizuri. Hauna uwazi ndani. Lakini mwanangu yuko wapi?"

Mwanawe alikuwa ndani, amelala sakafuni juu ya udongo mtupu, kanga imeloa jasho, mimba ya miezi sita imemlemea, shingo na mgongo vimejaa vipele vya joto. Hapo nikasikia mlango ukifunguliwa, na nikajua kwamba mama ameona.

Wanangu mnaojifunza ujenzi, mnapokuja kunitembelea hapa Manundu, Korogwe, mnaniuliza mambo ya nondo na ya kuchanganya zege. Nayajibu, maana magoti yamestaafu lakini mdomo bado uko kazini. Ila hamjawahi kuniuliza habari za joto. Nami yote ninayoyajua kuhusu joto nilifundishwa na nyumba moja mbaya sana, niliyoijenga mwenyewe, nikamweka ndani mke wangu mwenyewe.

Ufundi niliupata kwa mjomba wangu kule Bungu. Mnaokujua kule mnajua ukungu wake. Hauji kama mgeni anayebisha hodi, unaingia tu, unakaa kwenye blanketi, unakaa kwenye unga. Kwa hiyo nyumba nzuri kwetu ni ile ambayo jiko likizimwa usiku, asubuhi ukutani bado kuna uvuguvugu. Mjomba alijenga kwa safu mbili za fito, na katikati ya safu akashindilia majani makavu ya migomba mpaka fito zinalia. Dirisha lilikuwa la kupitisha mkono na kikombe, basi. Juu, pale ukuta unapokutana na paa, aliziba kwa udongo asiache hata njia ya sisimizi.

Kisha alikagua. Aliwasha kibatari, akazunguka nacho ndani, ukutani, pembeni, chini ya paa, akiutazama mwali. Ukisimama wima, nyumba imepita. Ukiinama hata kidogo alisema, "Bomoa hapa." Nilibomoa sana. Mara moja nilizuia pumzi nikijaribu kuuziba upepo kwa mgongo wangu, akanizaba kofi la kisogo na kusema, "Utakaa hapo kila siku mpaka wenye nyumba wafe?"

Hicho ndicho kilikuwa kipimo changu cha dunia nzima: mwali uliosimama wima.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, sisi ndugu saba tuligawana mteremko mmoja ambao hata mbuzi alisimama juu yake kwa wasiwasi. Waliposema kuna kijiji kipya kinaanzishwa upande wa Handeni, ardhi tele, nikajiandikisha. Nilikuwa nimeoa karibuni. Mke wangu, Rehema, alikuwa binti wa pekee wa mama yule mnayemsikia akigonga ukuta, na baba yake alikuwa amekwisha kufariki. Mama alitukubalia kwa shida. Siku ya kuondoka aliung'oa mlango wa nyumba yake, mlango alioutengeneza marehemu mumewe kwa mkulo, mbao nzito za msitu wa kwetu zinazonukia miaka na miaka, akatukabidhi.

"Huu utakaa pale atakapokaa mwanangu," alisema. "Mwanangu akirudi, urudi naye."

Wanaume wawili waliubeba vichwani hadi barabarani. Ukapanda lori la ndizi hadi Korogwe, ukalala Manundu, ukapanda lori jingine hadi Handeni. Njia nzima watu walituuliza tunakwenda kumzika nani.

Nyika ya Handeni, kwa mtu wa milimani, ni ughaibuni. Kizigua tulikisikia nusu na nusu kikatupita. Jua la kule halina adabu, linakutazama kuanzia saa moja asubuhi. Maji mbali, miti mifupi yenye miiba, Wamasai wanapita na ng'ombe wao wakitushangaa tunavyolima kwa kuinama. Kijijini tulipewa viwanja kwa mstari, nyumba zote zitazame barabara. Akaja bwana mmoja na karatasi, kijana mpole mwenye soksi ndefu, tukamwita Bwana Ramani. Karatasi ilikuwa moja kwa nyumba zote: vyumba viwili, bati juu, dirisha hapa. Kwa upande wetu wa barabara, kutazama barabara maana yake ni kutazama jua la alasiri uso kwa uso.

Nikajenga. Wallahi nilijenga! Safu mbili za fito, ukuta mnene kuliko wa jirani yeyote. Majani ya migomba niliyafuata sokoni Manundu, ambako wachuuzi walifungia mikungu kisha wakayatupa, nikarudi na magunia manane. Dirisha la karatasi ya Bwana Ramani nililipunguza likawa la kikombe. Juu nikaweka bati, na pale ukuta unapokutana na bati nikaziba kwa udongo, kiganja kwa kiganja. Nikautia mlango wa mkulo, ukakaa kama umezaliwa pale. Kisha nikawasha kibatari, nikazunguka. Mwali ulisimama wima kama askari wa gwaride. Nikamwita Rehema aje aone. Akaona, akatabasamu, jasho likamdondoka puani.

Jirani yetu alikuwa Bi Zaina, Mzigua wa palepale, mjane mwenye mikono mirefu ambaye wanawake wote wa kijiji walimfuata kwa shughuli ya kukandika. Alikataa bati. Alijijengea nyumba ya duara ya kizamani, nyasi zimeshuka hadi karibu na ardhi, nyuma ya mstari, na mwenyekiti wa kijiji akajifanya haioni. Alipopita kuipongeza nyumba yangu aliingia, akasimama katikati kama dakika moja, akatoka akijipepea kwa upande wa kanga.

"Fundi," akasema, "nyie Washambaa mnavundikaje ndizi?"

Nikamweleza kwa fahari kabisa. Unachimba shimo, unapanga ndizi mbichi, unazifunika majani makavu, unaziba kila upenyo, joto linaziivisha.

"Majani makavu ya migomba?"

"Ndiyo."

"Unaziba kila upenyo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mkeo ataiva kesho kutwa," akasema, akaenda zake.

Kufikia jioni kijiji kizima kiliiita nyumba yangu nyumba ya kuvundikia ndizi. Watoto walipita wakiuliza kama zimeiva. Nami, wanangu, nikakasirika badala ya kufikiri. Nilisema Wazigua hawajui kujenga, nyumba zao zinaruhusu upepo kama chujio. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko la udongo. Nilikuwa na kipimo sahihi, nikakitumia mahali pasipo pake, na walioniambia nikawaona washamba.

Sasa turudi siku ile ya kugonga ukuta. Mama mkwe alitoka ndani, akasimama uani, akasema na ukuta, si nami.

"Ukuta, mwambie fundi wako kwamba nimekaa humo muda wa kunywa maji tu, na moyo unanienda mbio. Huyu ana mimba. Lori la ndizi lililonileta litarudi gulio lijalo. Nitapanda mimi, na mwanangu, na mlango wetu."

Rehema alikuwa amejikokota hadi mlangoni. "Mama, mimi sijasema nataka kuondoka."

"Wala hujasema unataka kubaki."

Rehema akajifuta shingo kwa kanga. Nyuma ya nyumba, topeni, neno lile lilinichoma kuliko bati la saa nane.

Gulio kwa gulio ni siku saba. Kwa kuwa mama hawezi kulala kwangu, alilala kwa Bi Zaina, na Rehema akaenda naye. Nikabaki na nyumba yangu nzuri. Siku ya kwanza nilikaa ndani peke yangu mchana, nimefunga mlango, nikitaka kuthibitisha kwamba wanawake wanadeka. Nilitoka kabla ya adhuhuri nikitambaa.

Basi nikaenda kwa Bi Zaina. Nilipiga hodi mbali, mama mkwe apate nafasi ya kujifunika na kuhamia upande wa pili.

"Shikamoo, Bi Zaina."

"Marahaba. Umekuja kuuza ndizi?"

"Nimekuja kujifunza."

Alinikaribisha ndani. Akaniambia, "Weka kiganja kwenye ukuta wangu, ndani." Nikaweka. Ulikuwa baridi kama mtungi. "Sasa toka nje, weka tena." Nje ulikuwa wa moto. "Joto linatembea," akasema. "Linatembea polepole kama mzee. Limeanza asubuhi, litafika ndani jioni. Na jioni mimi niko nje uani na wenzangu. Linafika halimkuti mtu."

Wanangu, nimesikia wataalamu wengi tangu siku ile, wengine na mikoba ya ngozi, na hakuna aliyenieleza unene wa ukuta vizuri kuliko mama yule ambaye hakushika kalamu.

"Ukuta wako si mbaya," akaendelea. "Ukuta wako ni mzuri kuliko wangu. Ila umeziba mlangoni ukasahau kwamba mwizi yuko juu ya paa. Jua lako linaingia kwa juu, kwenye bati. Likiingia halina pa kutokea. Leta kibatari chako."

Nilikuwa nacho. Akakiwasha, akakiinua juu kabisa chini ya nyasi, pale ukuta wake ulipoishia bila kugusa paa. Mwali ukainama, ukacheza, ukainama tena. "Ukisimama wima," akasema, "nyumba imekufa."

Upande wa pili wa kiambaza nilisikia mama mkwe akikohoa. Alikuwa amesikia yote. Naye ni mke wa fundi. Kipimo cha mwali wima alikijua kabla sijazaliwa.

Asubuhi tulikuwa shamba la kijiji kama desturi, na kila alasiri nilirudi kubomoa. Bomoa hapa, kama alivyosema mjomba, ila sasa nilibomoa kipaji changu mwenyewe. Kwanza nikakata shubiri moja ya ukuta juu, kuzunguka nyumba nzima, ili bati likae juu ya nguzo peke yake na hewa ipite. Nikapanga fito mpya za dari juu ya mtambaapanya, ule mti unaolala juu ya nguzo na kubeba paa. Juu ya fito nikatandaza majani ya migomba, gunia kwa gunia, yaleyale niliyotukaniwa, mengine nikiyachomoa ukutani, na kila tabaka nikalinyunyizia majivu na majani ya mwarobaini ili mchwa na panya wasihamie. Kwetu Bungu yalikuwa yanazuia baridi. Nilikuja kuelewa nikiwa juu ya ngazi, mdomo wazi kama mjinga, kwamba jani haliulizi linazuia baridi au joto. Linazuia tu. Wewe fundi ndiye unayepaswa kujua adui anatokea wapi.

Bwana Ramani alipita na karatasi yake. "Hili pengo la juu halimo kwenye ramani," akasema.

Bi Zaina alikuwa anakanyaga udongo kwa miguu, sketi ya kanga imefungwa magotini. "Na jua je, limo?"

Bwana Ramani aliigeuza karatasi, akaangalia na nyuma, kijana wa watu. Akasema atarudi. Siku chache baadaye alirudi kweli, akaomba kupima shubiri yangu kwa rula.

Siku ya nne nikakandika dari kwa chini. Hapa nisikilizeni, maana wengi mtakuja kufanya hivi. Bi Zaina aliniambia udongo wa dari ulale usiku mmoja, uchanganywe na nyasi zilizokatwakatwa, uwe mkavu kiasi cha kusimama kiganjani, na mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, uwe mwembamba kama ngozi. Mimi nilikuwa na haraka. Nikachanganya siku hiyohiyo, laini kama uji, nikapaka unene wa vidole vinne. Wanawake walikuwa wamekusanyika mlangoni kunitazama. Nikarudi nyuma kidogo kuisifu kazi yangu.

Dari ilishuka yote. Haikupasuka wala kuonya, ilishuka kama mtu anayekaa kitini, na kiti kilikuwa kichwa changu. Nilisimama pale nikiwa nguzo ya udongo yenye macho mawili.

"Hata udongo umekukataa!" akasema Bi Zaina.

Katika vicheko vyote nikasikia kimoja ambacho sikuwahi kukisikia, kizito, cha kifuani, kikitoka nyuma ya kanga iliyofunika uso. Mama mkwe alikuwa anacheka mpaka amejishikilia kwenye mlango wa marehemu mumewe. "Ukuta," akasema akihema, "mwambie fundi wako aoge."

Nilioga, nikaanza upya. Usiku ule udongo ulilala, kesho yake nikapaka mkono mwembamba, na siku iliyofuata mkono wa pili. Majirani, Wazigua na Washambaa, walileta nyasi, tukaongeza upenu mrefu mbele ya nyumba, paa la nje la kulikatia jua la alasiri lisifike ukutani.

Kikabaki kitu kimoja: mlango. Mzito, umebana, hauvuji hewa. Nilitaka kuukata chini, Bi Zaina akanizuia mkono.

"Usiukate mlango wa marehemu. Mlango hauna kosa. Nyie mnaufunga saa ngapi?"

"Jioni, baridi ikianza."

"Na mnaufungua?"

"Jua likitoka."

"Hapa fanya kinyume. Jua likitoka, funga, ubaki na ubaridi wako wa alfajiri humo ndani. Jioni fungua, na nyuma yake weka mlango mwepesi wa fito, fisi asiingie, upepo uingie."

Nilisuka mlango wa fito siku ileile. Jioni ya kuamkia gulio, Rehema alirudi nyumbani kutazama, mama yake akiwa nyuma yake. Mimi nilikwenda mahali pangu, nyuma ya nyumba. Kupitia lile pengo la juu niliona mwanga wa kibatari ukizunguka ndani: ukutani, pembeni, chini ya paa. Kisha ukatulia mahali pamoja. Mwanga wa mwali ulikuwa darini, ukiinama, ukicheza, ukiinama.

Mama mkwe alipuliza kibatari.  Akarudi kwa Bi Zaina. Rehema alibaki kulala nyumbani, lakini kifurushi chake kilikuwa kimefungwa, kimewekwa karibu na mlango, nami sikuthubutu kukigusa wala kumuuliza. Nyundo nayo niliificha, kana kwamba mlango hung'olewa kwa nyundo yangu tu.

Siku hizi mnajenga kwa tofali za saruji, mnapigilia dari za kununua, mnaweka madirisha ya vioo ukuta mzima, yakitazama jua, kisha mnafunga feni mbili na kulalamikia umeme. Siwacheki. Nilishasimama hapo mlipo, nikiwa na karatasi ya mahali pengine mkononi. Ninachowaomba ni kwamba kabla ya kuchimba msingi mkae kwa jirani aliyewatangulia, saa nane mchana, mweke kiganja kwenye ukuta wake, na mkubali kuchekwa.

Asubuhi ya gulio lori lilipiga honi barabarani kabla jua halijachomoza. Nilikuwa nyuma ya nyumba, wapi tena. Nilisikia mama mkwe akiingia. Nikasikia sauti zao mbili, chini chini, na maneno sikuyapata. Nikasikia kifurushi kikiburutwa sakafuni. 

Kisha sauti ya Rehema: "Mama, nimelala. Tangu tuje huku, jana ndiyo nimelala kwangu."

Honi tena. Niliinama nikachungulia kwenye pembe ya ukuta, kosa kubwa kwa mkwe, Mungu anisamehe. Mama mkwe alikuwa ametoka mlangoni na kifurushi kimoja tu kichwani, cha kwake. Mashariki, juu ya vichaka, jua lilikuwa linatoa ukingo wa kwanza. Alisogea hadi pembe ya pili akalitazama, akajikinga macho kwa kiganja, akarudi mlangoni. Mwanawe alikuwa bado ndani. Akaweka mkono kwenye mbao za mumewe, akazipapasa kidogo kama anayempangusa mtoto uso.

"Ukuta," akasema, "mwambie fundi wako jua limetoka."

Akauvuta mlango nyuma yake, ukafungika.